Reli Iliyofika Kakamega kwa Kupitia Sebuleni Kwangu

Mtaa wa Amalemba,
Kakamega.
9 Oktoba 1996

Kwa Mhariri,
Gazeti la Kurunzi ya Magharibi.

Ndugu Mhariri,

KUH: OMBI LA KUJENGEWA RELI YA KWELI KUTOKA BUTERE HADI MATETE, KWA HARAKA

Pokea salamu zangu za heshima, wewe pamoja na wachapaji wako. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya msingi hapa mjini, mke wa mume mmoja na mama wa binti mmoja. Sijawahi kuliandikia gazeti lolote isipokuwa mara moja mwaka wa 1988, mlipoandika "kipofu kimevuka barabara" nami nikawaeleza kwamba kipofu ni mtu, kwa hiyo amevuka. Hamkunijibu. Nilisamehe.

Leo naomba jambo dogo. Naomba, kupitia ukurasa wako wa barua, Serikali ijenge reli kutoka Butere, ipite hapa Kakamega, ishike njia ya Malava katikati ya miwa ya Kabras, ikomee Matete. Najua wako watakaosema mama huyu amerukwa na akili. Nawasihi wasome kwanza malalamiko yangu, ambayo nimeyapa nambari ili wasipotee njiani, kisha waamue wenyewe ni nani aliyerukwa.

1. Kuhusu katoni.

Mume wangu, Bwana Phineas Andati, ni mchoraji ramani katika ofisi moja ya umma. Si mlevi. Hachezi kamari. Hajawahi kuniinulia mkono. Nayasema haya mapema kwa sababu kila ninapowapelekea akina mama wa kanisa malalamiko yangu huniuliza mambo hayo matatu, na nikishajibu hunitazama kama mtu anayelia kwa kuvimbiwa.

Phineas alizaliwa Butere, hatua chache kutoka mahali reli inapoishia. Mtoto akizaliwa mahali treni inapoishia, Ndugu Mhariri, hukua akidhani dunia nzima huja kwao kusalimu kisha inarudi ilikotoka. Alipoajiriwa hapa mwaka wa 1972 ndipo alipogundua kwamba Kakamega, mji wenye mkuu wa mkoa, hospitali kubwa na msitu wake wenyewe, haujaonja hata futi moja ya reli. Jambo hilo lilimuuma. Siku tulipojuana aliniambia, "Rosebella, mji usio na reli ni kama shati lisilo na kola." Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja. Nilidhani ndiyo mahaba yenyewe.

Mambo yangeishia hapo, kwenye maneno. Lakini mwaka wa 1991 mhandisi mmoja Mholanzi, Bwana Hendrik, aliyekuwa akichimba visima upande wa Navakholo, alimaliza kazi yake akarudi kwao, na vyombo vyake akawagawia marafiki. Mmoja alipata friji. Mwingine alipata baiskeli. Mume wangu alirudi nyumbani amekumbatia katoni kifuani, akitembea polepole kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Ndani mlikuwa na kichwa cha treni chenye urefu wa kalamu, mabehewa sita, vipande vya reli vya kutosha kufanya duara moja, na kisanduku cha stima chenye swichi ya kuzungusha.

"Na friji?" nilimuuliza.

"Friji," alinijibu, "inakaa mahali pamoja tu."

2. Kuhusu meza.

Duara hilo liliwekwa juu ya meza yetu ya chakula kwa jioni moja. Jioni hiyo sasa ina miaka mitano.

Reli za Mholanzi zilipoisha, Phineas alijifunza kuzitengeneza mwenyewe kwa spoku za baiskeli. Mataruma, yaani vile vipande vya mti vinavyolala chini ya reli, aliyatoa kwenye viberiti vyangu, njiti moja moja, baada ya kuzikata vichwa. Kuna mwezi mzima nilikuwa naomba moto kwa jirani huku nyumbani kwangu kuna njiti elfu tatu. Milima ya Maragoli imetengenezwa kwa magazeti yaliyolowekwa kwenye uji wa unga wa ngano. Samahani sana, mengi ni gazeti lako. Ukiitazama milima hiyo kwa karibu, upande wa kusini, utaona tahariri yako kuhusu bei ya mahindi.

Butere ipo, Yala ipo, Luanda ipo, Maseno ipo, Kisumu ipo. Kila stesheni ina kibao chake kilichoandikwa kwa mkono wa mchoraji ramani, herufi ndogo kama mbegu za wimbi. Sisi wenye nyumba tunakula tukiwa tumepakata sahani, na daftari za wanafunzi wangu nazisahihisha juu ya goti. Mzazi mmoja alikuja shuleni kuuliza kwa nini alama zangu za vyema zimepinda. Ningemwambia nini?

3. Kuhusu matengenezo ya nyumba.

Wakati wa mvua za masika mwaka wa 1994 bati letu lilianza kuvuja mahali pawili: juu ya kitanda chetu, na juu ya Luanda. Phineas alipanda darini na lami na kipande cha bati, na katika muda wa saa moja Luanda ikawa kavu. Kitandani aliweka sufuria. Nilipolalamika alinijibu kwa upole ule wake usiogombeka: "Mama Awinja, wewe unaweza kusonga kidogo. Stesheni haiwezi."

Mlango wa jikoni aliung'oa ukawa uwanda wa Kisumu. Mahali pake alitundika gunia.

Kisha kuna suala la ukuta. Hapa sharti niseme kweli: aliniomba ruhusa. Alisema, "Naomba nitoboe kitundu." Nilidhani ni cha msumari, ili hatimaye tutundike picha ya harusi yetu. Niliporudi kutoka shuleni nilikuta, kati ya sebule na chumba chetu cha kulala, handaki lenye ukubwa wa mkate, lililopigwa plasta kwa ufundi ambao fundi wa kulipwa hajapata kuuonyesha katika nyumba yetu. Sasa treni ya mizigo inaingia chumbani, inazunguka karibu na mto wangu, inatoka.

Kwa kuwa jikoni hakuna mlango, kuku wa jirani hutembea atakavyo. Jirani yetu Bi Kulthum, mama wa Kiislamu kutoka Mumias, mwenye adabu nyingi, alikuja siku moja kumtafuta kuku wake akamkuta ameketi Maseno, anataga. Treni ilikuwa imesimama dakika arobaini kwa sababu mume wangu hakutaka kumsumbua mwenye kazi yake. Bi Kulthum alitazama milima. Akatazama daraja. Akatazama abiria wadogo wa njiti waliokuwa wakingoja nyuma ya kuku. "Subhanallah," alisema, kisha akanivuta kando akaniuliza kwa sauti ya chini, "Shoga yangu, lakini wewe unalala vizuri?"

Nilimwambia nalala vizuri, kati ya treni na treni.

4. Kuhusu matembezi.

Mwezi wa Aprili mwaka jana tulitimiza miaka ishirini na miwili ya ndoa. Phineas aliahidi kunipeleka Kisumu nikaone ziwa na kula samaki. Nilivaa gauni langu la buluu na viatu vipya. Tulipanda treni Butere, na baada ya muda mfupi akaniambia tushuke Yala kwa dakika kumi tu, kuna kitu anataka kukiangalia.

Kitu chenyewe kilikuwa daraja la reli. Nilishika ncha ya utepe wa kupimia tangu saa nne hadi saa tisa. Mlinzi mmoja alitukaribia akaniuliza, "Mama, mnapimanga nini hapa?" Nikamjibu, "Sebule yangu." Aliondoka bila kuuliza tena. Chakula cha sherehe kilikuwa mahindi ya kuchemsha, tumekaa juu ya jiwe. Ziwa sikuliona.

Kwa ajili ya haki naomba niongeze kwamba treni ilipopita, na lile daraja likatetemeka, Phineas alivua kofia kisha akanishika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya mbele za watu tangu tulipotoka kanisani mwaka wa 1973. Hilo halibadilishi lalamiko langu.

5. Kuhusu wakwe.

Binti yetu Awinja ni muuguzi. Amechumbiwa na Onesmus, mwalimu wa hesabu, kijana mpole kutoka Matete. Tarehe sita Julai mwaka huu jamaa za Onesmus walikuja kwetu rasmi kwa mazungumzo: baba yake, Mzee Barasa, mkulima wa miwa, shangazi yake, na wazee wawili ambao kazi yao, kadiri nilivyoelewa, ilikuwa kukohoa kwa wakati unaofaa. Kuhusu Mzee Barasa nilikuwa nimeonywa. Inasemekana aliwahi kuinuka na kuondoka katika posa ya mwanawe wa kwanza kwa sababu chai ililetwa imepoa.

Wiki mbili kabla, nilimwomba Phineas aiondoe reli mezani kwa siku moja. Alisema sawa. Wiki moja kabla, alisema sawa. Asubuhi ya siku yenyewe nilimkuta ameinama mezani, anapuliza.

"Mama Awinja, gundi ya daraja la Yala haijakauka. Nikilisogeza litaanguka."

"Na posa ya binti yako ikianguka?"

Alifikiri. Ndugu Mhariri, alifikiri kweli! "Awinja ni imara," akasema.

Basi tukapatana. Milima iliyokubali kung'oka tuliing'oa. Daraja tulilifunika kwa ungo. Sehemu iliyobaki tulitandika vile vitambaa vyangu vya kufuma, vyote vinne, na juu yake tukapanga chakula. Treni yenyewe ilibaki chini ya kitambaa mahali ilipokuwa imesimama, kwa kuwa stima ilipotea tangu alfajiri na hakuna aliyekumbuka swichi.

Wageni walifika saa saba. Tuliomba, tukajuana, tukanawa mikono. Kulikuwa na obusuma, ndio ugali wetu, mboga za murenda na kuku wawili wa ingokho, na mbele ya Mzee Barasa, kwenye sahani yake ya peke yake, firigisi, ambayo kwa desturi yetu ni haki ya mgeni mkubwa. Mzee mmoja akakohoa. Mzee Barasa akaweka bakora yake kando, akaanza.

"Sisi tumetoka mbari," alisema, akimaanisha mbali. "Tukipita hapa kwenu, tuliona ua moja..."

Hapo stima ikarudi.

Niliona taa kwanza. Kisha redio ya Bi Kulthum ikaanza kuimba. Kisha nikaona kitambaa changu, kile chenye waridi, kikiinuka upande wa Luanda. Kitu kirefu kilikuwa kikitembea chini yake, taratibu, kikielekea kwa mgeni wa heshima. Mzee Barasa alikuwa amenyoosha mkono kuchukua haki yake. Sahani ikainama, ikajifikiria, ikaondoka mbele yake shubiri nzima. Mkono ukabaki hewani.

"Nyoka!" Shangazi alipiga yowe, akawa juu ya kiti kabla sijaona ameinuka vipi. Wazee wawili walikohoa kwa pamoja. Mzee Barasa alishika bakora yake, akaiinua hadi kwenye taa.

Mume wangu, ambaye katika maisha yetu yote sijamwona akikimbia, alijitupa kati ya bakora na meza, mikono ameitandaza.

"Mzee, usipige!" alilia. "Hiyo ni ya saa nane ya Kisumu!"

Awinja alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. Nilitegemea atalia. Badala yake alitazama saa ya ukutani, kwa mazoea ya nyumba hii, akasema kwa sauti ndogo, "Imechelewa dakika kumi na mbili."

Nilijua yamekwisha. Nilianza kutunga kichwani maneno ya kumwambia mwanangu. Phineas naye, bila kuambiwa na mtu, alikuwa anainua kitambaa, anakikunja kuelekea upande wake, hadi reli yote ikawa wazi mbele ya wageni, na treni inazunguka kati ya mabakuli.

"Mukhwasi," alimwambia Mzee Barasa. Mukhwasi ndilo jina wanaloitana wazazi wa waliooana, kwa hiyo alikuwa amelitumia mapema mno. "Mukhwasi, unisamehe. Hii ni reli yangu."

Mzee Barasa alishusha bakora. Aliinama hadi pua yake ikawa karibu na Butere. Treni ilipita mara moja, mara mbili, mara ya tatu.

"Hii reri inaendanga mpaka wapi?" aliuliza. Sikumsahihisha, kwa kuwa ni mkwe.

"Butere hadi Kisumu."

"Na Matete?"

"Matete hakuna reli, mzee."

"Hata Kakamega hakuna reri," Mzee Barasa akasema, "na mimi naiona hapa."

Alivuta kiti. Akatusimulia, macho yake yakiifuata treni, kwamba mwaka wa 1953, akiwa kijana, alitembea kwa miguu siku mbili kutoka Matete hadi Butere akapande treni ya kwenda kutafuta kazi. Alikuwa na kikapu cha viazi na shati la kuazima. Alifika Butere treni imetoka punde tu. "Niliona moshi peke yake," alisema. "Nilingoja mpaka ukaisha. Nikarudi nyumbani, nikapanda miwa." Hakuwahi kwenda tena kuitafuta. Hakuna katika jamaa zake aliyekuwa amewahi kuisikia habari hiyo, hata dada yake, ambaye alikuwa bado juu ya kiti.

Phineas alimsogezea kile kisanduku cha stima, akamwonyesha swichi.

Firigisi ililiwa saa kumi na moja jioni, imekwisha kuganda mafuta. Mzee Barasa hakulalamika.

6. Kuhusu Jumamosi.

Ungedhani hapo pana furaha, Ndugu Mhariri, na kwa wiki moja nilidhani hivyo. Lakini siku ile mazungumzo hayakukamilika. Jumamosi iliyofuata Mzee Barasa alirudi kuyakamilisha. Jumamosi zimekuwa kumi na tatu tangu hapo. Kila mara tunafungua kwa sala, tunatamka neno "tarehe", kisha mmoja wao anasema, "Kabla hatujafika huko, hebu tuangalie ile kona," na tunafunga kwa sala jua likitua.

Maana Mzee Barasa ametoa sharti. Alilitoa mbele ya mashahidi, mkono kwenye swichi: "Mtoto wenu atakuja kwetu kwa reri." Tarehe ya harusi haitatajwa hadi reli ifike Matete.

Basi reli imetoka mezani. Imevuka ukumbini kwa nguzo. Msitu wa Kakamega umeota kwenye ukuta wa kushoto, nao umetokana na sponji zangu za kuoshea vyombo, zilizopakwa rangi ya kijani. Malava iko juu ya rafu yangu ya vitabu. Miwa ya Kabras ilikuwa ufagio wangu. Onesmus, anayekuja kumwona mchumba wake kama kijana yeyote, anapewa pima maji ya kupimia usawa ashike, na mara ya mwisho nilipowachungulia wachumba hao walikuwa wamepiga magoti ukumbini, mmoja kila upande wa tuta, wakibishana kama limelala sawa.

7. Kuhusu kiini cha lalamiko langu, ambacho naomba kisomwe mara mbili.

Kwa vipimo vya Phineas, na vipimo vya Phineas havikosei, Matete inaangukia katika chumba cha Awinja, juu ya kitanda chake. Kwa hiyo binti yangu hawezi kuolewa kabla reli haijafika Matete. Na reli haiwezi kufika Matete kabla binti yangu hajaolewa akahama chumba. Nimewaeleza jambo hili wazee wote wawili. Walinisikiliza kwa makini. Mzee Barasa alisema, "Hiyo ni kweri kabisa." Phineas akasema ni tatizo zuri sana. Wakarudi kazini.

Awinja ana miaka ishirini na miwili. Ameanza kuniuliza kwa utani kama atavaa shela au sare ya mkuu wa stesheni. Utani wake haunichekeshi, kwa kuwa ninamwona anavyoitazama kalenda.

Ndugu Mhariri, ndiyo maana naomba reli ya kweli. Hesabu yangu ni nyepesi. Serikali ikijenga reli hadi Matete, sharti la Mzee Barasa litakuwa limetimia kihalali, na tarehe itatajwa. Mume wangu atakwenda kusimama stesheni kama wanaume wengine wanavyokwenda kusimama sokoni, na jioni atarudi. Nitapata meza. Taifa nalo litapata njia ya kusafirisha miwa. Sioni atakayepata hasara.

Kama Serikali itaona reli ni kazi kubwa, niko tayari kulegeza. Basi nyumba yangu itangazwe rasmi kuwa stesheni, iletewe kengele, mlinzi, benchi la abiria na choo cha umma, nami niajiriwe, nipewe kofia na siku thelathini za likizo kwa mwaka, nitakazozitumia mahali popote pasipo na reli.

Na kama hilo pia ni gumu, basi ombi langu la mwisho ni kwamba Matete isogezwe. Haihitaji kusogezwa sana. Ikifika karibu na Butere itatosha, na wakazi wake, ambao nimewaona ni watu wa subira, sidhani kama watakataa wakielezwa kwamba ni kwa ajili ya harusi.

Nakomea hapo nisije nikakuchosha. Wasalimie wafanyakazi wako wote, kuanzia anayepanga herufi hadi anayefagia, na mke wako kama unaye, na umwambie asiruhusu mtu kutoboa kitundu. Bi Kulthum anakusalimu, ingawa hakujui. Kuku wake hajambo.

Niamini kuwa ni mimi msomaji wako mwaminifu, mwenye malalamiko saba na kiti kimoja,

Bi Rosebella Andati
(Mwalimu)

Tanbihi. Jumapili, 20 Oktoba.

Barua hii haikuwahi kufika posta. Nilikuta stempu zimeisha, nikaitia ndani ya rejista ya darasa, rejista nikaisahau juu ya rafu, karibu na Malava. Phineas aliiona. Aliisoma yote.

Alhamisi nilipotoka shuleni nilishangaa nyumba imekuwa pana. Mezani hapakuwa na kitu. Ukumbini hapakuwa na kitu. Kila reli ilikuwa kwenye katoni, msitu umekunjwa kwenye gunia, na daraja la Yala limeviringishwa ndani ya shati lake la Jumapili. Yeye alikuwa ameketi, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyepanga foleni kwa daktari.

"Nimeondoa," aliniambia. "Ulikuwa na haki. Hasa hiyo ya saba."

Tulikula mezani. Alinipitishia chumvi, nikamshukuru. Nilisahihisha daftari zote, alama zangu zikanyooka, nikamaliza mapema, na nikakaa.

Jana Mzee Barasa alikuja kama kawaida. Alikuwa amebeba kitu ndani ya kitambaa: kinu cha kusagia mahindi cha Matete, alichokichonga mwenyewe kwa mti wa mpera, chenye paa na mlango na gunia dogo mlangoni. Alisimama kizingitini, akatazama meza, akavua kofia.

"Nani amekufa?" aliuliza.

Tulimwambia hakuna aliyekufa. Aliketi. Kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kutazama, wazee walitazamana, wakafungua mazungumzo, na yakaisha kabla chai haijapoa. Harusi ni Jumamosi, tarehe ishirini na moja Desemba. Kuhusu sharti lake Mzee Barasa alisema basi, mtoto aje kwa njia yoyote atakayopata. Awinja alilia, Onesmus akalia kumzidi. Nilipata kila nilichokuwa nimekiomba, na Serikali haikutoa hata msumari.

Kisha chai ikaisha. Vijana walitoka nje kuwaambia majirani. Sisi watatu tulibaki. Mzee Barasa alikuwa na kinu chake juu ya paja, anakizungusha.

"Sasa siku ya Jumamosi," alisema, "tutakuwa tunafanyanga nini?"

Phineas aliangalia sakafu. Miaka yote hii nimekuwa nikimwomba Mungu nyumba yenye kimya, na sasa nilikuwa nacho, nikakisikiliza, na nikaona ni kimya cha shule wakati wa likizo.

Nilikwenda chumbani, nikaivuta ile katoni kutoka chini ya kitanda. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Niliiweka mezani mbele yao, nikawaambia Matete haiendi katika chumba cha mtu. Itakaa juu ya kabati la vyombo. Vikombe nitavitafutia mahali. Phineas aliuliza kabati hilo lina urefu gani, na nilimwambia, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kulipima.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, tafadhali usiichape barua hii. Maombi yangu yote matatu nimeyafuta, na Matete ibaki ilipo. Lakini ikiwa barua imekwisha kuchapwa, basi ongeza chini yake tangazo hili kwa herufi nyeusi: treni ya kwanza ya Matete itaondoka Jumamosi ijayo saa tisa alasiri, wote mnakaribishwa, mje na viti vyenu. Bendera ya kijani nimeishona mwenyewe, na hakuna atakayeipeperusha ila mimi.